Mali Bila Daftari: Chumvi ya Ivuna na Karafuu za Visiwani

Wafanya biashara wa pwani wana methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ni methali ya dukani na ya forodhani, na ukweli wake waujua kila mtu aliyepata kukopesha nguo au kupokea shehena ya jahazi. Walakini methali hiyo ikichukuliwa bara, hata kusini ya Ziwa Rukwa, yahitaji kupimwa tena. Huko Ivuna watu walitengeneza chumvi kwa karne nyingi bila ya daftari lo lote, na habari ya mali yao haikupotea yote. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako karafuu ziliandikwa gunia kwa gunia, mengi yaliyowahusu waliozichuma hayakuandikwa kabisa. Habari za bonde hilo na za visiwa hivyo, zikiwekwa pamoja, zasaidia kueleza jinsi hesabu za watu na mali zilivyoanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania, zilimtumikia nani, na yapasa zisomwe kwa namna gani.

Ivuna i katika uwanda wa Rukwa, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Ziwa Rukwa halina mto utokao. Maji yaletwayo na Momba, na Songwe, na mito mingine, hayana njia ila kupaa kwa joto la jua, na madini yaliyomo hubaki nyuma. Kwa sababu hiyo kina cha ziwa hupanda na kushuka sana, na mahali palipokuwa maji enzi moja huwa uwanda wa nyasi enzi nyingine. Hapo Ivuna pana chemchemi zenye maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi udongo ulioshiba chumvi ulikwanguliwa, ukachujwa kwa maji, na maji hayo yakapikwa vyunguni mpaka chumvi ikabaki peke yake. Kazi hiyo yataka kuni nyingi, vyungu vingi, na mikono mingi kwa muda mfupi, maana mvua zikianza kunyesha uwanda hujaa maji na kazi husimama.

Waliofanya kazi hiyo zamani hawakuacha maandishi. Waliacha majivu na vigae. Wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba mahali hapo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1968 katika jarida la Azania. Walionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikitengenezwa Ivuna tangu karne ya 13 hivi hata karne ya 15. Katika toleo hilo hilo J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walieleza habari za Uvinza, magharibi ya nchi, ambako chemchemi za chumvi zilikuwa zikitumiwa tangu kabla ya hapo kwa karne nyingi. Hivyo mwaka mmoja ulitosha kuonyesha kwamba bara ilikuwa na viwanda vyake, vyenye ufundi na wanunuzi, kabla mzungu ye yote hajafika na kalamu yake.

Yafaa kufikiri kigae ni ushahidi wa namna gani. Chungu cha kupikia chumvi huvunjika upesi, kwa kuwa moto na chumvi pamoja hukila. Kila chungu kilichovunjika kilitupwa karibu na jiko, na kingine kikafinyangwa. Basi chungu ya vigae ni hesabu ya kazi, iliyoandikwa na watu wasiokusudia kuhesabu. Mchimbaji aweza kupima unene wa majivu, kulinganisha umbo la vyungu vya tabaka la chini na vya tabaka la juu, na kujua kama kazi iliendelea au ilikoma. Lakini kigae hakisemi wafanya kazi walikuwa wangapi, wala nani alikula faida. Chumvi yenyewe iliyeyuka katika vyakula vya watu wa milimani na wa nyanda za juu, Ufipa, Unyiha na Unyamwanga, ambako haikupatikana kwa urahisi. Ilitoka Ivuna kwa vichwa na mabega ya watu, kwa njia nyingi ndogo. Hapakuwa na lango moja ambalo mizigo yote ilipaswa kupita, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa karani kukaa.

Hata katika karne ya 20, vitu vilivyopimwa vizuri zaidi katika uwanda huo havikuwa watu wala chumvi. Tarehe 16 Desemba, 1938, kimondo kilianguka karibu na Ivuna, na mawe yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Mawe hayo ni ya aina adimu sana, na wataalamu wa vimondo wameiita aina hiyo CI, herufi ya pili ikiwa ya jina la Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta duniani mwaka 2020 vumbi la sayari ndogo iitwayo Ryugu, wataalamu waliona kwamba lafanana sana na jiwe la Ivuna. Kadhalika nzige wekundu walihesabiwa. Uwanda wa Rukwa ni mmoja katika mazalio yao makubwa, na baada ya nzige hao kuharibu mashamba ya nchi nyingi za Afrika tangu mwisho wa miaka ya 1920 hata katikati ya miaka ya 1940, serikali zilizotawala nchi hizo zilifanya mapatano mwaka 1949 ya kuwachunga kutoka Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, katika Zambia. Jiwe lilipimwa kwa sababu lilikuwa adimu, na nzige walipimwa kwa sababu walitishia mashamba ya mbali. Mwenye kuhesabu hutangulia kuwa na haja, kisha ndipo hutafuta idadi.

Haja ya kuhesabu watu wa sehemu hizi ilikuja pamoja na utawala wa kigeni. Tarehe 1 Julai, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ambayo yaliunganisha, katika karatasi moja, mambo ya Unguja na mambo ya nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kwa mapatano hayo Ujerumani ilikubali Uingereza iwe mlinzi wa Unguja na Pemba, na kwa hayo hayo ukakatwa mpaka unaopita Tunduma leo. Wanyamwanga wakawa watu wa dola mbili pasipo kuhama. Tangu hapo ndugu wa ukoo mmoja waliandikwa katika vitabu viwili, wengine katika hesabu za Tanganyika na wengine katika hesabu za Rhodesia ya Kaskazini, na hapana kitabu hata kimoja kilichoweza kuonyesha ukoo wote.

Visiwani kalamu ilikuwa imekwisha tangulia. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, mwaka ambao aghalabu hutajwa kuwa 1840, forodha ilikuwa imekodishwa kwa mfanya biashara wa Kihindi, Jairam Shivji, na nyumba yake ya biashara iliendelea nayo kwa miaka mingi. Mapatano na Marekani ya mwaka 1833, na yale ya Uingereza ya mwaka 1839, yaliweka ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa asilimia 5. Kisiwa ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Kila pembe, kila mtumba wa nguo, kila gunia la karafuu lilipita forodhani, likaandikwa. Mabalozi wa nchi za nje nao waliziandikia serikali zao juu ya mali hizo, na ndiyo maana mwanafunzi wa leo aweza kujua habari za biashara ya Unguja ya mwaka 1860 kuliko ajuavyo habari za chumvi ya Ivuna ya mwaka huo huo.

Lakini daftari hilo la forodha laonyesha pia ubaya wake. Kabla ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, mtumwa aliyeletwa kutoka Kilwa alilipiwa ushuru kwa kichwa, na kwa hiyo aliandikwa kwa kichwa. Wengi katika watu hao walitoka nchi za Ziwa Nyasa, ambako hapana mtu aliyekuwa amewahi kuwahesabu. Hesabu ya kwanza kuwahusu iliwaandika kuwa bidhaa. Walipokwisha pita forodhani wakapelekwa mashambani, kitabu hakikuwa na haja nao tena. Kiliendelea kuandika karafuu walizozichuma.

Jambo jingine latokana na tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila ya kupata dhara kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za visiwa zilitoka Pemba. Hata hivyo biashara yake iliendelea kupitia bandari ya Unguja, na dunia ikaendelea kuziita karafuu za Zanzibar. Mtu akisoma orodha ya bidhaa zilizosafirishwa bila ya kujua habari hii, atadhani utajiri ulizaliwa pale ulipoandikwa. Mchumaji wa Pemba aliyepanda mti alfajiri hakuwa mbali sana na mpishi wa chumvi wa Ivuna: mmoja kazi yake haikuandikwa kabisa, na mwingine iliandikwa kwa jina la mahali pengine.

Hesabu za watu visiwani zilipoanza kufanywa na serikali katika karne ya 20, ilionekana kwamba hata jina la mtu laweza kubadilika baina ya hesabu na hesabu. Katika hesabu ya mwaka 1924 watu wengi sana waliandikwa kuwa Waswahili. Katika hesabu ya mwaka 1931 waliobaki na jina hilo walikuwa wachache mno. Hapana maradhi yaliyowaua wala meli iliyowachukua. Utumwa ulikuwa umeondolewa kwa amri ya mwaka 1897, lakini jina la Mswahili lilikuwa limeanza kudhaniwa na baadhi ya watu kuwa ni jina la asiye na asili, na watu wakachagua kuitwa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, Wapemba, au majina mengine yenye heshima zaidi machoni pa majirani. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula ulifuata makundi ya asili, na kuandikwa katika kundi hili au lile kukawa na maana jikoni. Hesabu ya watu haikuwa kioo kitupu. Mwenye kuulizwa alijua kwamba jibu lake lingetumika, akajibu kwa akili.

Bara nako watu walijifunza upesi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza baadaye wakatoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Penye kodi ya nyumba, familia mbili zilijibana katika nyumba moja. Penye kodi ya kichwa, kijana alikuwa safarini siku karani alipofika. Na kwa kweli vijana wengi wa pande za Songwe walikuwa safarini, wengine katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Hesabu kubwa ya mwaka 1948, iliyofanywa katika nchi zote za Afrika ya Mashariki, na ile ya mwaka 1957 katika Tanganyika, zilipangwa kitaalamu kuliko zilizotangulia. Hata hivyo watu wazima walioulizwa walikuwa na kumbukumbu ya karani wa zamani, ambaye baada yake alikuja mtoza kodi.

Mwezi Agosti, 1967, miaka mitatu baada ya Muungano, watu wa Tanganyika ya zamani na wa visiwani walihesabiwa pamoja katika hesabu ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano. Idadi ilizidi milioni 12, na visiwani watu walizidi 354,000. Kwa mara ya kwanza mpishi wa chumvi wa Rukwa na mchumaji wa karafuu wa Pemba walikuwa katika kitabu kimoja, wakihesabiwa kwa usiku mmoja. Hesabu hiyo iliuliza kabila. Hesabu zilizofuata hazikuuliza tena, kwa kuwa taifa jipya halikutaka kugawa watu wake kwa jambo hilo. Uamuzi huo nao wafundisha kitu: swali lililoachwa ni sehemu ya historia sawa na swali lililoulizwa.

Tangu hapo visiwa vimekua kwa haraka ambayo wazee wa mwaka 1958, walipokuwa watu 299,111, hawakuweza kuifikiri. Mwaka 1978 walikuwa 476,111. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569, na mwaka 2022 wakafika 1,889,773. Kutoka hesabu ya mwaka 2012 hata ya mwaka 2022 waliongezeka watu 586,204. Nyongeza hiyo ya miaka kumi yazidi watu wote waliokuwako visiwani mwaka 1978. Katika kila kilomita moja ya mraba sasa pana watu zaidi ya 700. Walakini jumla hiyo yaficha jambo lililo kubwa. Mwaka 1958 Pemba ilikuwa na watu 133,858, yaani karibu asilimia 45 ya watu wote wa visiwa. Mwaka 2022 sehemu yake ilikuwa chini ya asilimia 30, na karibu nusu ya watu wote walikuwa katika mkoa wa Mjini Magharibi. Kisiwa kilichobeba karafuu kimeachwa nyuma na kisiwa chenye bandari kuu, uwanja mkubwa wa ndege na hoteli.

Milango nayo imebadilika. Mwaka 2019 watalii zaidi ya 500,000 waliingia Zanzibar, na mwaka 2023 wakazidi 600,000. Mtalii huhesabiwa vizuri, kwa kuwa hupita mbele ya afisa mwenye mhuri. Mwani unaolimwa zaidi na wanawake wa pwani, tangu mwisho wa miaka ya 1980, huhesabiwa kwa uzito wake unaposafirishwa. Saa ambazo mwanamke husimama majini, maji yakipwa na kujaa, na kuni anazotafuta arudipo nyumbani, hazina bandari ya kupitia. Hapo karani wa forodha ya zamani angeona kazi yake ikiendelea vile vile, ingawa bidhaa ni nyingine.

Bara, mlango wa Songwe ni Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita hapo pia. Mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilifungua kituo cha pamoja cha mpakani baina ya Tunduma na Nakonde. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa mkoa wa Mbeya. Watu wa eneo lake walikuwa 998,862 mwaka 2012, na 1,344,687 mwaka 2022. Mji wa Tunduma, ambao mwaka 2012 haukutimiza watu laki moja, ulizidi laki mbili mwaka 2022. Malori yanayongoja zamu yaweza kuhesabiwa na hata mtoto wa shule. Ivuna i katika mkoa huo huo, chini uwandani, na habari zake hazionekani kutoka foleni ya malori. Akiandikwa mtu wa Ivuna katika wastani wa mkoa, huandikwa pamoja na biashara ya mpaka ambayo huenda haijafika kwake.

Mwanafunzi asidhani kwamba haya yote ni sababu ya kuzidharau takwimu. Kinyume chake, asiyehesabiwa hana zahanati, hana dawati, wala hana kisima katika mpango wa serikali. Watu walioficha vijana wao kwa karani wa kodi walikuwa na busara ya wakati wao. Mtu afichaye watoto wake leo kwa karani wa sensa awapunguzia walimu. Haja iliyokuwa ya mtawala peke yake imekuwa haja ya wananchi pia, na hapo ndipo tofauti ya hesabu ya mwaka 1898 na hesabu ya mwaka 2022 ilipo. Nchi imerithi daftari la mkoloni na la forodha, ikalipa kazi mpya, lakini mazoea ya daftari hilo ya kuandika zaidi kipitacho mlangoni hayajaisha.

Basi msomaji wa hesabu yo yote, iwe ya karafuu, ya watalii, au ya watu, ana maswali matatu ya kumwuliza mwandishi wake: alikaa mlango gani, aliuliza nini, na nani hakuwako. Mchimbaji wa kale alipata habari za Ivuna kwa kuinama juu ya majivu, baada ya wenyewe kufa kwa miaka mia tano na zaidi. Wajukuu wa nchi hiyo hawana haja ya kungoja muda huo. Hesabu ya mwaka 2022 ilianza tarehe 23 Agosti, na kanuni yake ilikuwa kumwandika kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Agosti ni kiangazi katika uwanda wa Rukwa. Ni majira yale yale ambayo udongo ulikauka, vyungu vikafinyangwa, na mwenye kupika chumvi akalala karibu na moto wake, mbali na nyumba yake.